Sahani ya Mlango wa Nyuma

Mara ya mwisho Verlon Stubblefield kupita Lawrenceburg, alitupiwa yai. Mwaka ulikuwa 1986 na yai lenyewe lilikuwa viza. Leo, miaka ishirini na mitatu baadaye, aliingia mjini ana umri wa miaka sabini na tisa, nyonga ya chuma upande wa kulia na fimbo ambayo safari hii hakuibeba kwa maringo, na hakuna aliyemtupia hata neno. Ikamuuma. Jamani, mtu akishazoea kuchukiwa na mji mzima, kupitwa hivi hivi kama wakala wa bima ni adhabu.

Alikuja kwa jambo moja tu. Alitaka Hoyt Crenshaw amsamehe, na alijua amechelewa. Binti yake Hoyt, Wynelle, alikuwa amempigia simu wiki iliyopita.

"Baba anasahau, mjomba Verlon," alisema. "Jumatatu kaniita kwa jina la ng'ombe wetu wa zamani. Kama una neno naye, lilete sasa. Akishalisahau kosa lenyewe, atakusamehe nani?"

Hoyt na Verlon walikuwa marafiki wa kufa na kuzikana. Lishike hilo neno, kuzikana, maana ndilo lililowavunja.

Mbele za watu, kwenye ulingo wa mieleka, walikuwa maadui. Kwa miaka kumi na minane, kuanzia kusini mwa Tennessee mpaka kaskazini mwa Alabama, hapakuwa na mtoto wala bibi kizee asiyejua kwamba wawili hawa wakikutana lazima damu imwagike. Hoyt alikuwa stelingi: kijana wa palepale, ovaroli, buti za shambani, kifua kama mlango wa ghala. Verlon alikuwa adui. Jina lake la ulingoni lilikuwa Lodi Ashworth wa Boston. Alivaa joho la hariri la zambarau, akashika fimbo yenye kichwa cha fedha, na akipita katikati ya watazamaji alijiziba pua kwa leso yenye marashi.

"Enyi wakulima," alikuwa akisema kwenye kipaza sauti, "mkimaliza kushangaa taa za umeme, nendeni mkaoge."

Wacha we! Watu walikuwa wakisimama juu ya viti. Maganda ya karanga za kuchemsha yalikuwa yakimnyeshea. Bibi mmoja alimchoma makalio kwa pini ya kofia, ndefu kama sindano ya kushonea magunia, na Verlon alilala kifudifudi siku tatu huku akicheka, maana kwa mtu wa kazi ile hiyo ndiyo ilikuwa medali. Na ukweli wenyewe? Alizaliwa Hohenwald, mwendo usiotimia hata saa nzima kwa gari, mtoto wa nane kwenye nyumba ya vyumba viwili. Boston aliiona kwenye kalenda.

Tena hakuwa mwanamieleka tu. Ndiye aliyekuwa mpanga mechi. Kila Jumatatu asubuhi aliketi mezani jikoni kwake na daftari la shule na penseli, akaamua nani ashinde, nani ashindwe, nani aondoke mjini analia na nani arudi baada ya wiki tatu mkono umefungwa bendeji, anataka kisasi. Wanaume arobaini waliishi kwa penseli ile. Mtu akimwambia kwamba mieleka ni uongo, alikasirika kwelikweli. Ni hadithi, alikuwa akisema, ila inasimuliwa kwa mifupa, na mifupa ikivunjika haivunjiki kwa uongo.

Na hadithi ile ilikuwa na mlinzi wake. Kwenye ukuta wa chumba cha kubadilishia nguo Verlon alibandika karatasi kwa mwandiko wake: ADUI NA STELINGI HAWALI PAMOJA. HAWAPANDI GARI MOJA. HAWASALIMIANI NJIANI. Aliwahi kumfukuza mtu kwa sababu tu alionekana akimwashia sigara mpinzani wake kwenye kituo cha mafuta. Siri ikivuja, alisema, bibi wa pini ya kofia hatarudi Jumamosi.

Sasa, siri ya mtungi aijuaye kata. Wawili wakishikana ulingoni, huyu amembana mwenzake kichwa kwapani, watu waliona roho inatolewa. Kumbe pale kwapani ndipo penye maongezi. Ndipo mmoja anapomnong'oneza mwenzake kinachofuata: nitupe kambani, nipige kofi, leo anguka taratibu mgongo wangu mbovu. Hoyt alikuwa na mkono mwepesi kuliko wote. Ukimwona, ungedhani anavunja nazi. Ukiwa mle ndani, ulikuwa kama umefungwa skafu.

Na kila Jumamosi, kwenye kukabwa kwa mara ya kwanza, kabla ya jambo lolote la kazi, Hoyt alinong'ona maneno yaleyale.

"Kesho, mlango wa nyuma. Mama amekuwekea sahani."

Mama huyo ni Mama Ottie Crenshaw, mama mzazi wa Hoyt, mjane, mwembamba kama ufagio, na mkali! Jumapili mtaa mzima ulikuwa kanisani mpaka saa sita na nusu. Yeye alisali ibada ya alfajiri, akasingizia goti, akarudi jikoni. Verlon aliacha gari nyuma ya kiwanda cha kuchambua pamba, akakatiza shamba la mahindi ameinama kama mwizi wa kuku, akagonga mlango wa nyuma mara mbili. Sahani yake ilikuwa imefunikwa kwa kitambaa cha miraba: kuku wa kukaanga, mboga za majani zilizochemshwa na mfupa wa nguruwe, mkate wa mahindi. Mtoto Wynelle, miaka saba, alikalishwa dirishani kuangalia kama kuna mtu anakuja. Aliapishwa juu ya Biblia, na hakusema mpaka leo.

Raha ya mambo ni kwamba Jumamosi Mama Ottie mwenyewe alikuwa safu ya mbele, anamtukana Lodi Ashworth mpaka mchungaji anainamisha uso. Siku moja alimtwanga kichwani kwa mkoba. Kesho yake Verlon akaja ana nundu.

"Nilikuumiza, mwanangu?" Mama Ottie aliuliza, anammiminia chai ya barafu.

"Mama, ndani ya ule mkoba mlikuwa na nini?"

"Biblia."

"Yote?"

"Agano la Kale na Jipya. Kula, nyama inapoa."

Hoyt alicheka mpaka akashika ukuta. Verlon alipoyakumbuka hayo, kwenye kila mji aliokaa baadaye, hakuwa akikumbuka mikanda aliyoshinda wala kumbi zilizojaa. Alikumbuka kile kitambaa cha miraba.

Mama Ottie alifariki Jumanne moja ya Aprili, mwaka 1978. Mazishi yakawekwa Ijumaa. Jumamosi yake, kwenye jumba la maonyesho ya kilimo, Hoyt na Lodi walikuwa na mechi kubwa kuliko zote, iliyopangwa kwa miezi mitano, na viti vyote vilikuwa vimekwisha. Alhamisi Hoyt akamsubiri Verlon nyuma ya kiwanda cha pamba. Hakuwa amenyoa.

"Wabebaji wa jeneza ni sita," alisema. "Watano ninao. Mshikio wa sita ni wako."

Verlon alitazama viatu vyake. "Wataniona, Hoyt."

"Wakuone."

"Mji mzima utakuwa pale. Miaka kumi ya kazi..."

"Verlon. Amekulisha miaka kumi."

Na hapo Verlon Stubblefield, bingwa wa kupanga maneno, alifungua mdomo akatoa yale ambayo angeyajutia maisha yake yote. "Kanuni ni kanuni," alisema. "Adui na stelingi hawazikani."

Hoyt alimgeuzia mgongo. Alivaa kofia yake akaondoka. Ijumaa Verlon aliegesha gari barabarani, mbali na makaburi, ameshusha kofia mpaka machoni, akatazama. Walibeba watu watano. Hoyt alikataa kuingiza mwingine mahali pa wa sita, kwa hiyo jeneza lilikwenda limelala upande mmoja njia nzima, toka mlango wa kanisa hadi shimoni, na mtu wa nyuma kushoto alikuwa akijikwaa. Verlon aliuma mkono wa koti asisikike, ndani ya gari lililofungwa vioo, peke yake.

Jumamosi walipigana. Ukumbi ulitetemeka. Hoyt akamkaba kichwa kwa wepesi uleule, Verlon akasubiri mle kwapani, na Hoyt hakusema kitu. Wiki iliyofuata hivyo hivyo, na nyingine, na nyingine. Miaka minane walifanya kazi pamoja, wakijuana kwa kugusana tu, na hata siku moja Hoyt hakumuumiza. Angemuumiza ingekuwa nafuu! Angemvunja hata ubavu mmoja, Verlon angelala usingizi. Lakini mkono ulibaki skafu na mdomo ukabaki umefungwa. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Halafu dunia ikageuka. Kampuni kubwa ya huko kaskazini ikaja na taa za rangi na muziki, ikawachukua vijana wote wenye misuli, na majumba madogo yakaanza kunuka upweke. Mechi ya mwisho pale Lawrenceburg ilikuwa na watazamaji mia moja na kumi na wawili, mmoja akiwa na lile yai. Hoyt akaenda kuuza vipuri vya matrekta. Verlon akahamia Chattanooga. Aliandika barua tisa na kuchana tisa. Mtu aliyewapangia wanaume arobaini namna ya kupatana na kugombana hakuweza kujipangia ukurasa mmoja. Majuto ni mjukuu, na huyu mjukuu alikuwa amekaa mapajani mwake miaka thelathini na mmoja.

Basi Jumatano hiyo, saa nane mchana, akasukuma mlango wa nyumba ya wazee ya Cedar Bend. Mapokezini palikuwa na mwanamke mnene mwenye miwani ya mnyororo. Kibao kifuani kilisema Darla Jean.

"Nimekuja kumwona Hoyt Crenshaw," alisema Verlon.

"Jina lako, babu?"

"Verlon Stubblefield."

Aliandika, akainua macho, akaandika, akainua tena. Akavua miwani. "Hebu geuza uso. Kidogo. Ee Mungu wangu! Wewe ni Lodi Ashworth!"

"Zamani hizo, binti yangu."

"Bibi yangu alikuchoma na pini!"

"Basi msalimie. Bado panawasha ikinyesha."

"Alishakufa. Alikufa anakuchukia." Darla Jean alisema hivyo kwa furaha kabisa, kama anayetoa salamu za marehemu. Kisha akakunja uso. "Na wewe unamtakia nini Bwana Hoyt? Yule mzee hana nguvu. Ukimletea ushenzi wako humu nitakutoa kwa sikio."

"Nimekuja kumwomba radhi."

"Ulimtia chumvi machoni mwaka sabini na nne. Nilikuwepo. Nililia mpaka nikatapika."

"Hata kwa hilo," alisema Verlon.

Ukumbi wa mapumziko ulikuwa na wazee kama kumi na watano na mchezo wa kadi za bingo unaendelea. Hoyt alikuwa dirishani, blanketi mapajani. Kile kifua kilikuwa kimeporomoka, lakini mikono ilikuwa ileile, mikubwa, imelala juu ya blanketi kama vitu alivyoachiwa avitunze. Verlon akavuta kiti karibu. Maneno yake aliyakariri njia nzima.

"Hoyt. Ni mimi, Verlon."

Hoyt akamtazama kwa adabu, kama unavyomtazama mtu wa kanisa lingine.

"Nilipaswa kumbeba Mama Ottie. Nilikuwa mwoga nikajificha nyuma ya kanuni. Miaka yote hii sikupata raha. Nisamehe, ndugu yangu."

"Simjui Verlon," alisema Hoyt polepole. "Wewe ndiye wa dawa?"

Verlon alihisi kiti kinazama. Alikuwa amechelewa kweli, basi. Akaanza kujinyanyua aende zake, na nyonga ikalia, na kutoka meza ya bingo sauti nyembamba ikakata hewa.

"Darla Jean! Yule pale si Lodi Ashworth? Si yule mshenzi wa Boston?"

Alikuwa Bibi Eula Mapes, umri miaka tisini na moja, safu ya mbele tangu 1969. Kadi za bingo zikashuka. Vichwa vikageuka. Na Verlon, aliyekuwa anamtazama Hoyt, akaona jambo: kidevu cha Hoyt kilipanda. Jina Verlon lilikuwa la siri, la jikoni kwa Mama Ottie na kwapani. Lilikuwa la kwanza kupotea. Hilo lingine, la Lodi Ashworth, lilipigiwa kelele masikioni mwake miaka kumi na minane.

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Daktari alimwambia Verlon asiiname hata kufunga kamba za viatu. Lakini penseli ile ya zamani ilikwishaanza kuandika kichwani. Akatoa leso mfukoni, akaikung'uta mara moja, akajiziba pua.

"Kumbe!" alisema, kwa sauti ambayo mwenyewe alidhani imekufa. "Kumbe huku ndiko wanakofuga wakulima wakizeeka! Na bado hamjaoga!"

Ukumbi ukalipuka. Wazee ambao hawakuwa wameinua mkono tangu Krismasi waliinua ngumi. Mtu akatupa biskuti. Bibi Eula akapiga fimbo sakafuni, "Hoyt! Hoyt! Hoyt!" na wengine wakaitikia. Na Hoyt Crenshaw akaweka blanketi pembeni, akalikunja kwanza, akasimama.

"Wewe," alisema.

"Mimi," alijibu Lodi Ashworth. "Unataka nini, mchunga nguruwe?"

Wakashikana shingo na bega, kama walivyoshikana mara elfu mbili. Darla Jean alikuwa anakuja mbio anapiga mayowe, ila alikuwa mbali na viti vilikuwa vingi. Mkono wa Hoyt ukazunguka, kichwa cha Verlon kikaingia kwapani, na ukumbi mzima ukanguruma kwa raha.

Mle ndani palikuwa na harufu ya dawa ya kuchua na sabuni. Mkono ulikuwa skafu. Verlon akafumba macho akangoja, na hakusikia kitu, kama miaka ile minane.

"Nisamehe," alinong'ona. "Ningembeba, Hoyt. Ningembeba peke yangu."

Kifua cha Hoyt kilipanda na kushuka. Halafu mdomo wake ukashuka karibu na sikio, vile vile, bila midomo kuchezacheza ili safu ya mbele isione.

"Kesho, mlango wa nyuma," alisema Hoyt. "Mama amekuwekea sahani."

Verlon akalia. Hakulia kwa kificho kama kwenye gari. Alilia kwa sauti, mabega yanatikisika, akapiga magoti kwenye zulia la nyumba ya wazee, nyonga na yote, akaunganisha mikono akiomba huruma kama adui anavyoomba siku ya kushindwa. Alikuwa kazini na alikuwa analia kwelikweli, vyote pamoja.

"Mwone analia!" Bibi Eula alifurahi. "Mlize, Hoyt, mlize huyo!"

Darla Jean akafika, akaunyanyua mkono wa Hoyt ili amwegemeze amrudishe kitini, na mkono ulipopanda juu wazee wakadhani anatangazwa mshindi. Wakapiga makofi. Hoyt akawapungia, akatabasamu, akarudi kitini, na alipofika kitini macho yake yalikuwa yamekwisha kwenda zake dirishani.

"Umeumia?" Darla Jean alimwuliza Verlon, anamwinua. Macho yake mwenyewe yalikuwa mekundu. "Wewe babu ni mwendawazimu. Hajasimama bila kushikwa tangu Februari. Alikwambia nini pale? Nimemwona ananong'ona."

"Siri ya kazi," alisema Verlon, anajifuta kwa leso. "Mlango wa nyuma uko wapi?"

"Kupitia jikoni. Lakini wa mbele ndio karibu, na gari lako liko mbele."

"Najua. Nimealikwa huku."

Akatembea polepole katikati ya meza, na Bibi Eula akamtupia kadi ya bingo ikampata sikioni. Jikoni palinukia maharage. Darla Jean akamfungulia mlango, akamshika kiwiko kwenye ngazi, na hapo Verlon akasimama.

"Wynelle akija, mpe maneno yangu," alisema. "Mwambie siku ya baba yake ikifika, watafute wabebaji watano. Wa sita wasimtafute. Na mwambie nitaingia kwa mlango wa mbele, mji mzima unaona."

Darla Jean alitoa kalamu akaandika kwenye kiganja chake, asisahau.